Picha Nzuri ya Ndege Haianzi na Kamera

Simu uliyonayo inatosha. Ndilo jibu langu kwa kila mfugaji wa njiwa au kasuku anayeniuliza anunue kamera gani, na silisemi kumfariji mtu asiye na pesa. Nimeona picha za kamera za bei kubwa ambazo ndege amebana manyoya, kavuta shingo juu, kakodoa jicho. Kila unyoya unahesabika, lakini huna hamu ya kuitazama picha ile mara ya pili. Ndege ana hofu, na hofu haifichiki.

Kwa hiyo mimi naanza na ndege mwenyewe. Njiwa aliyetulia anajulikana: manyoya yamelegea kidogo, pengine amesimama kwa mguu mmoja, au anajichambua kifuani bila kukujali. Kufika hapo kunataka mazoea. Kaa karibu na banda wakati wa kuwamwagia mtama, simu ikiwa mkononi lakini bila kupiga picha yoyote, hadi waizoee. Zima mlio wa kamera. Fleshi nayo uizime kabisa, maana inamshtua ndege na kuiua rangi ya shingo yake.

Rangi hiyo ya shingo ndiyo inayonifanya nipende kuwapiga picha njiwa kuliko ndege wengine wote. Ule ukijani na uzambarau haukupakwa kwenye unyoya. Unatokana na tabaka nyembamba mno zilizomo ndani yake, zinazorudisha mwanga, ndiyo maana hubadilika kulingana na upande unaotazamia. Njiwa akigeuza shingo kidogo tu, palipokuwa kijani panakuwa zambarau. Basi usigande mahali pamoja. Chuchumaa hadi simu ilingane na jicho lake, sogea hatua moja kushoto, kisha moja kulia, huku jua likiwa mgongoni kwako au ubavuni. Kuna pembe ambapo shingo nzima inawaka. Ukiipita kidogo, inarudi kuwa kijivu cha kawaida.

Na jua la kwetu Pwani lina haraka. Huchomoza mnamo saa kumi na mbili, na ikifika saa tatu asubuhi limeshakuwa kali: kivuli cheusi chini ya mdomo, na njiwa mweupe amegeuka doa tupu. Kwa mweupe, gusa kioo cha simu pale alipo, kisha telezesha kidole kushuka ili kupunguza mwanga, mpaka mistari ya manyoya ya bawa ionekane. Simu nyingi zina uwezo huo. Baraza inayopata mwanga wa nje bila jua la moja kwa moja ni bora kuliko hila zote. Usidanganyike na kivuli cha mwembe. Vipande vya jua vinavyopenya majani humtia ndege mabaka.

Njiwa anapotembea, wengi hudhani kichwa kinakwenda mbele na nyuma bila kukoma. Sivyo. Hukisukuma mbele, kisha kinabaki palepale huku mwili ukikifuata, halafu hukisukuma tena. Kichwa kinapotulia ndipo anapoona vizuri, na ndio wakati wa kamera vilevile. Ni kipande kidogo cha sekunde, huwezi kukivizia kwa kidole, kwa hiyo piga mfululizo na uchague baadaye. Mfululizo unasaidia pia kwa sababu ndege wana kope ya tatu, utando unaopita juu ya jicho kutoka upande mmoja. Picha ikiukuta katikati, jicho linatoka na ukungu kana kwamba ndege anaumwa. Mimi jicho ndilo naliangalia kwanza. Likiwa safi, lenye nukta ya mwanga ndani yake, hata mkia ukitoka na ukungu sijali.

Kwa kasuku wa tunduni, shida ni nyaya. Futa mafuta ya vidole kwenye lenzi, isogeze hadi ikaribie kugusa nyaya, na ungoje ndege akae mbali nazo, upande wa ndani. Nyaya zitafifia, pengine zisionekane kabisa. Hapa simu inaishinda kamera kubwa, maana lenzi yake ni ndogo, inaenea kati ya waya na waya. Usivute kwa zumu, sogea wewe. Nyuma ya tundu tundika kitambaa cha rangi moja iliyopoa. Khanga naipenda, lakini si kwa kazi hii: mtazamaji ataanza kusoma jina lake kabla hajamwona kasuku.

Linaloniuma zaidi ni picha za ndege aliyeshikwa ngumini, hasa kwenye matangazo ya kuuza. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Anavuta hewa kwa kusogeza mfupa wa kifua, na ukimbana kifua hapumui, hata kama mdomo na pua viko wazi. Kasuku aliyeachama mdomo kwenye picha ya namna hiyo watu humwandikia kwamba anacheka, kumbe huenda anatafuta hewa. Akiwa kasuku wa kijivu, kuna la kuuliza hata kabla ya ubora wa picha: katoka wapi? Biashara ya kimataifa ya hao wanaokamatwa porini imepigwa marufuku tangu 2017.

Anayetaka kununua ana haki ya kumwona ndege akiwa juu ya kijiti chake, mabawa yamekunjwa, ubavu mzima unaonekana, miguu na kucha wazi. Muuzaji akikwambia hatulii mpaka ashikwe, mwombe asubiri ndege amalize kula, kisha apige picha nyingine.