Harufu huskiwa, tena sana

Kuna watu mitandaoni kazi yao ni kusahihisha Kiswahili cha wenzao, na siku hizi wameikamia hii "naskia harufu". Eti masikio hayanusi, sema nanusa. Jamani.

Pita soko la Marikiti pale kwenye maduka ya viungo, iliki na karafuu zinakuvaa hata hujafika mlangoni, sasa hapo umenusa? Hujanusa kitu, harufu imekujia yenyewe, umeiskia. Kunusa ni mpaka uinamishe pua uifate, kama vile kutazama si kuona na kuskiza si kuskia. Lugha imeshatenganisha kile unachofanya na kile kinachokupata, wewe wataka kuvichanganya halafu wajiita mwalimu. Na Waitaliano waliojaa Malindi huko, neno lao sentire ni hivyo hivyo, kuskia sauti, kuskia harufu, kuskia baridi, mbona wao hawasumbuliwi?

Utamu wenyewe lakini ni vile maneno haya yanatoka mwilini yanahamia akilini na kwenye tabia. Mwaka 1990 Eve Sweetser, mtaalamu wa lugha wa Marekani, aliandika kwamba kwenye lugha za Ulaya kuona ndiko hugeuka kujua, kusikia kukageuka kutii. Halafu 2000 wakaja Nicholas Evans na David Wilkins wakaonyesha kwamba kwenye lugha za wenyeji wa Australia ni sikio ndilo linalobeba kujua. Sisi tuko kote kote. "Naona hatakuja leo" hapo hakuna macho, ni makisio tu. Mtoto haskii na masikio yake mazima, ni ukaidi, ndio wazee wakasema haskii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kuona kumezaa kuonya, kukazaa kuonea, na mtu anaweza kukuonea miaka na miaka wala hakutazami usoni.

Inayonimaliza mimi ni hii: anajiona, anajiskia. Moja imetoka kwa macho, nyingine kwa masikio, zote zimefikia maringo! Na wale wasahihishaji wenyewe wanaitumia kila siku kumsema jirani aliyenunua gari, sijaona hata mmoja akiuliza huyo jirani anajiskia kwa sikio gani.