Kebo moja haihitaji mzigo wote huo

Jana jioni mama mwenye kibanda cha fotokopi hapa Nyawera, Bukavu, aliniita. Kompyuta yake yenye mfumo wa Debian 12, inayotunza faili za wateja, ilikuwa imepoteza mtandao. Kijana aliyekuja kuitengeneza alikuwa amemaliza mega zote za intaneti za simu ya mama. Nilikuta skrini imesimama katikati ya upakuaji.

"Yaya, mega zimeisha na bado haijamaliza," kijana akaniambia, kwa heshima ya mkubwa wake.

Alikuwa ameagiza network-manager, yaani NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao. Ukiiagiza bila kusema zaidi, apt, chombo cha Debian cha kuweka programu, inaleta vyote inavyovitegemea, kisha inaongeza na vinavyopendekezwa tu: modemmanager, ppp, dnsmasq-base. Mashine ile haina modemu. Ina kebo moja, na ruta iko ukutani, mita mbili tu.

Nikaandika `ip link`, amri ya kuorodhesha kadi za mtandao. Kadi inaitwa enp3s0. Nikafungua /etc/network/interfaces, faili ya mipangilio ya mtandao: mle imeandikwa enp2s0. Wiki iliyopita mtu alichomeka kadi nyingine ndani ya mashine, namba zikasogea, jina likabadilika. Nikageuza 2 kuwa 3 mahali pawili, kwenye mstari wa allow-hotplug na wa iface, nikaandika `ifup enp3s0` ili kuiwasha kadi. Anwani ya mtandao ikaja. Hakuna hata baiti moja iliyopakuliwa.

Kinachoniuma ni hiki. Ili apate mega za simu, kijana aliichomeka kwa waya wa USB na kuiombea anwani kwa dhclient, programu ya kuomba anwani ya mtandao. Dhclient hiyo ilikuwa humo tangu siku Debian ilipowekwa, pamoja na ip na ifup. Kilichomletea mtandao wa simu kingemletea na wa kebo! Alikuwa na dawa mkononi, akaenda kununua nyingine kwa pesa ya mtu. Na mtandao, jamani, ndio kitu usichopaswa kukitengeneza kwa kupakua, maana siku umekatika huna pa kupakulia. Zana zake lazima ziwe tayari ndani ya mashine, na wewe uzijue.

Kila programu ya ziada itadai masasisho pia, kwa mega zilezile.

Haya, laptopu inayohama kila siku kutoka Wi-Fi ya Ibanda hadi ya Kadutu, NetworkManager inaifaa, siwezi kubisha. Basi iweke kwa `--no-install-recommends`, ili vile vinavyopendekezwa tu visije, hakikisha wpasupplicant, programu ya kuingilia Wi-Fi yenye nywila, ipo, na kwanza kabisa andika `apt -s install`, inayoigiza tu bila kuweka kitu, usome orodha yote kabla hujapakua chochote. Vijana wetu wanabonyeza Y bila kuisoma, na hilo linanikasirisha kuliko yote.

Printa ilipoanza kutoa karatasi, mama hakuuliza ugonjwa ulikuwa nini. Aliuliza nani atamrudishia mega zake, kwa kuwa alizinunua ili awatumie wanafunzi kazi zao asubuhi. Kijana aliinamisha kichwa. Nilizinunua mimi.