Kiwanja cha Arbutus na swali lililoulizwa mahali pasipo pake

Mwezi Julai 2022, baada ya vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi vilivyosogezwa kutoka siku moja hadi nyingine kwa wingi wa wazungumzaji, madiwani wa jiji la Vancouver nchini Kanada waliruhusu jengo la ghorofa 13 lenye vyumba 129 lijengwe katika ardhi ya jiji, kando ya barabara ya Arbutus, mtaa wa Kitsilano. Vyumba hivyo vilikusudiwa watu wasio na makazi na wale waliokuwa karibu kuyakosa, na ndani ya jengo hilohilo wangekuwapo wafanyakazi wa zamu usiku na mchana. Kura hiyo ya madiwani haikuzaa chumba hata kimoja. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, na sidhani kwamba lilikwama kwa sababu majirani walikuwa na roho mbaya. Lilikwama kwa sababu baraza liliacha maswali mawili yaulizwe katika kikao kimoja: swali la ardhi, ambalo lina mamlaka ya kulijibu, na swali la nani anafaa kuwa jirani, ambalo halikupaswa kuwekwa mezani kabisa.

Makazi ya aina hii si kambi, wala si sobahausi ambayo mtu huingia kwa sharti la kuacha kwanza dawa za kulevya. Mkaaji hupewa chumba na ufunguo wake, hulipa kodi ndogo kulingana na kipato chake, na msaada wa afya, chakula au ushauri huwa karibu naye iwapo atauhitaji. Wazo la kumpa mtu nyumba kwanza kabla ya kumdai awe amepona lilipata umbo lake mjini New York mwaka 1992, chini ya mwanasaikolojia Sam Tsemberis, na Kanada yenyewe ililipima kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, Vancouver ikiwa mmojawapo, kwa watu zaidi ya 2,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa nyumba pamoja na huduma waliishi katika makazi thabiti kwa asilimia 73 ya muda wao, ilhali wale walioachwa na huduma za kawaida waliishi hivyo kwa asilimia 32 tu. Utafiti huohuo haukuonyesha tofauti kubwa ya namna hiyo katika matumizi ya dawa za kulevya, na ni vema watetezi wa makazi haya wakiri hilo mapema badala ya kuwaachia wapinzani walifichue. Nyumba humtoa mtu barabarani. Haimtibu uraibu kwa siku moja.

Majirani wa Arbutus walikuwa na hoja ambazo si haki kuzipuuza. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya msingi ya Kikatoliki. Jengo lenyewe lingekuwa refu kuliko yote ambayo yangelizunguka, na kuwaweka watu 129 wengi wao wakiishi peke yao, baadhi wakiwa na maradhi ya akili au uraibu, chini ya paa moja ni jambo ambalo hata wataalamu wa makazi hubishana kulihusu. Zaidi ya hayo, wakazi wa Vancouver hawakuwa wakiogopa kivuli. Katikati ya jiji, kwenye mtaa wa Granville, serikali ya jimbo la British Columbia ilinunua hoteli mwaka 2020 na kuigeuza haraka kuwa makazi ya watu waliotoka kwenye mahema. Malalamiko ya moto, kelele na vurugu yaliongezeka kiasi kwamba mwaka 2025 serikali yenyewe ilitangaza kulifunga jengo hilo. Mzazi anayetaja mfano huo hastahili kuitwa mbaguzi papo hapo.

Hofu nyingine, hata hivyo, hazina mashiko hayo. Ile ya kushuka kwa thamani ya nyumba ilichunguzwa na Kituo cha Furman cha Chuo Kikuu cha New York mwaka 2008, kwa kuangalia majengo 123 ya namna hii yaliyofunguliwa katika jiji hilo kati ya 1985 na 2003, na bei za nyumba zilizo jirani kabisa ziliendelea kupanda baada ya majengo hayo kufunguliwa. Na hoja ya watoto ina udhaifu ambao hausemwi vya kutosha: jengo lisipojengwa, mtu ambaye angelala ndani yake hatoweki. Hesabu ya mwaka 2023 iliwakuta watu 2,420 wasio na makazi katika jiji la Vancouver pekee, na mtoto wa shule anayepanda basi kwenda katikati ya mji huwapita kila siku.

Wala tusidhani kwamba mbadala wa jengo jipya ni hali ya kawaida isiyo na gharama. Maskini wengi wa jiji hilo huishi katika hoteli kuukuu za chumba kimoja kimoja, wakichangia bafu na choo. Mwezi Aprili 2022, miezi michache tu kabla ya kura ya Arbutus, hoteli moja ya aina hiyo iitwayo Winters iliteketea. Miili ya watu wawili ilipatikana siku nyingi baadaye, wakati mabaki ya jengo yakibomolewa. Mimi hurudi kwenye habari hiyo kila ninaposikia mtu akisema kwamba mradi unaweza kusubiri.

Sasa turudi kwenye kikao chenyewe. Kisheria, kikao cha kubadilisha matumizi ya kiwanja kinahusu ardhi: urefu wa jengo, msongamano, kivuli, maegesho. Mwaka 1979, katika kesi ya Bell, Mahakama ya Juu ya Kanada ilibatilisha sheria ndogo ya North York iliyotaka wanaokaa katika nyumba moja wawe wa familia moja, na tangu hapo wanasheria wa mipango miji wa nchi hiyo hurudia kwamba jiji hupanga matumizi, halipangi watumiaji. Lakini wengi waliosimama mbele ya madiwani kuhusu Arbutus, wawe wa upande huu au ule, walizungumzia watumiaji. Wapinzani walieleza wanavyowaogopa wakaaji ambao hawajawaona, na waungaji mkono wakaeleza jinsi walivyookolewa na chumba kama hicho, yaani walilazimika kuanika maisha yao mbele ya hadhara ili wathibitishe kwamba ni binadamu wa kukaa naye karibu. Mpangaji wa nyumba ya fahari kwenye barabara hiyohiyo hajawahi kuombwa ushahidi wa namna hiyo.

Wakati huohuo, mambo ambayo jirani ana haki ya kuyajua yalikosa nafasi. Nani ataendesha jengo? Wafanyakazi wangapi watakuwa zamu saa tisa za usiku? Wakaaji watachaguliwa kwa uwiano gani, na nani atapokea simu kukiwa na tatizo? Majibu ya maswali haya hukaa katika mkataba wa uendeshaji kati ya serikali na mwendeshaji, si katika ramani ya kiwanja, na mara nyingi mkataba huo huandikwa baada ya kura kupigwa. Matokeo yake ni kwamba jirani hupewa dakika chache za kuzungumzia ghorofa wakati moyo wake uko kwenye zamu ya usiku, naye huondoka akiamini amefichwa kitu.

Haishangazi kwamba kundi la wakazi lilikwenda mahakamani likidai kikao hakikuendeshwa kwa haki. Hapo ndipo serikali ya jimbo ilipofanya kosa ambalo mimi, ninayeunga mkono makazi haya, naliona kubwa kuliko yote: mwaka 2023 ilitunga sheria mahususi kwa ajili ya kiwanja hicho kimoja, ikitangaza kwamba kikao kilikuwa halali na hivyo kuizima kesi. Waliruka majivu wakakanyaga moto. Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya British Columbia iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka katiba kwa kuwa inaingilia mamlaka ya mahakama, na mwaka uliofuata mradi ukafutwa. Miaka miwili na nusu ilipotea, na majirani waliokuwa na mashaka ya kawaida wakapata ushahidi kwamba wakubwa walitaka kuwaziba midomo. Laiti kikao kingerudiwa mwaka uleule wa 2022, nyaraka zote zikiwa mezani, naamini mradi ungepita.

Februari 2025, baraza chini ya Meya Ken Sim lilipitisha azimio la kusitisha nyongeza ya makazi ya aina hii jijini, kwa hoja kwamba Vancouver ina takriban robo ya watu wa eneo lote la jiji hilo na miji inayolizunguka lakini imebeba asilimia 77 ya makazi hayo. Hoja ya mgawanyo ni ya haki. Lakini kusitisha hakuulazimishi mji wa jirani kujenga, na tunajua kilichotokea katika mji jirani wa Richmond mwaka 2024, ambako mradi wa vyumba 90 uliwekwa kando baada ya wakazi kuupinga. Kila mji unatupia mwingine mpira, na mtu mwenye hema ndiye anayehamishwa kila asubuhi.

Kuna mfano wa karibu ambao ungepaswa kuwapa madiwani ujasiri. Mwaka 2017, katika mtaa wa Marpole uliomo katika jiji hilohilo, jiji lilitangaza nyumba 78 za muda karibu na shule, na wakazi wakaandamana hadi ujenzi ukachelewa. Wanafunzi wa sekondari ya jirani, ambao usalama wao ndio uliotajwa kwenye mabango, walijitokeza hadharani kusema kwamba wao hawana pingamizi. Nyumba zilifunguliwa mapema mwaka 2018.

Ningekuwa diwani katika baraza lolote linalopima mradi wa namna hii, ningedai mkataba wa uendeshaji uwekwe wazi kabla ya kura, ukiwa na idadi ya wafanyakazi kwa kila zamu, utaratibu wa kuchagua wakaaji, na kamati ya majirani inayokutana na mwendeshaji kila mwezi ikiwa na nguvu ya kulifikisha suala kwa anayetoa fedha. Ningewaachia majirani muda mrefu kadiri wanavyotaka kuuchambua mkataba huo kifungu kwa kifungu. Na mtu anapofika kwenye kipaza sauti kuniambia ni binadamu wa aina gani asiyefaa kukaa karibu naye, ningemwomba mwenyekiti amrudishe kwenye ajenda, kama ambavyo angerudishwa iwapo angekuwa anamzungumzia mpangaji wa ghorofa ya juu kwake.