Pesa mkononi, au mradi wenye kibao?

Sheria ya madini ya Kongo (DRC), iliyorekebishwa mwaka 2018, inaidai kila kampuni inayochimba asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya jamii za mahali inapochimba. Pia asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hulipa kwa madini inayoyatoa, huenda kwenye komini na maeneo mengine ya utawala ya ngazi ya chini. Pesa hizo zikishuka, zinashuka kama mradi: shule, kisima, zahanati, na kibao mbele. Mama wa nyumba hapewi franga hata moja mkononi. Mimi nasema maskini wapewe pesa zenyewe, kidogo kila mwezi.

Wanaotetea miradi hapa Lubumbashi hawakosi hoja. Kisima kinanywesha mtaa mzima. Tena wanatukumbusha "départ volontaire" (kuacha kazi kwa hiari) ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliyoanza 2003: wafanyakazi 10,655 waliachishwa kwa pesa za Benki ya Dunia, na kila mtaa una hadithi ya mzee aliyenunua teksi ikafia garajini. Lakini wale walilipwa mara moja, kuwafuta kazini, baada ya kukaa miezi na miezi bila mshahara. Bahasha ile ilikuta madeni mlangoni. Si sawa na kidogo kinachoingia kila mwezi.

Mimi naona Marekani inatufundisha zaidi. Mwaka 1996 serikali kuu iliacha kulipia msaada wa pesa kwa kila familia maskini yenye haki, ikayapa majimbo fungu la dola bilioni 16.5 kwa mwaka, na ruhusa ya kulitumia kwa mambo mengine pia, hata kuhimiza ndoa. Fungu hilo halijapandishwa hadi leo. Nia ilikuwa watu warudi kazini, na akina mama wengi walipata kazi kweli. Ila mwaka ule, katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilipata msaada. Kufikia 2020 zilibaki 21. Usiniambie zile 47 zilipata kazi nzuri: aliyetoka kwenye umaskini hahesabiwi tena humo. Hizi ni familia maskini bado, pesa zimezipita pembeni zikaenda kwenye vitu vizuri vya kutajwa kwenye ripoti.

Jirani yangu wa komini ya Katuba anauza makala (makaa) kwa mafungu. Bunga (unga) ananunua kwa kopo, kila jioni, maana bei ya mfuko wa kilo 25 haijawahi kukaa mkononi mwake siku moja. Kwa makopo, mfuko uleule unamgharimu zaidi. Kisima kitamsaidia nini hapo?

Wanaotetea miradi wananishika kweli kwenye orodha ya wa kupewa pesa. Nchi haijahesabu watu tangu 1984, na chifu wa mtaa akiandika maskini wake, shemeji zake watakuwa juu. Nakubali. Lakini kamati ya mradi nayo ina mashemeji, na jirani yangu ana simu na kadi ya mpiga kura. Wakati wa kura wanampata bila shida.