Iringa Mjini Si Kituo cha Kunywea Chai

Juzi nikiwa Soko Kuu nilimsikia kijana anayetembeza wageni akiwaambia watu wake: "Hapa mjini hakuna cha kuona, pigeni picha mbili tatu tuwahi hifadhi ya Ruaha." Wageni wenyewe ni ndugu zetu kutoka Dar, na watoto wao wa sekondari. Limenikaa rohoni mpaka leo.

Hakuna cha kuona? Kutoka sokoni hadi Boma ni mwendo wa miguu tu. Jengo lile Wajerumani walilijenga liwe hospitali ya jeshi lao, likaja kuwa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho. Ingia, weka kiganja kwenye ule ukuta mnene, kisha jiulize: hawa watu walifuata nini kwenye kilima hiki chenye baridi?

Walimfuata Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mji wake ulikuwa Kalenga, kule bondeni, umezungushiwa ngome. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wake waliuvamia msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo na kumuua yeye mwenyewe, yule ambaye watu walimwita Nyundo. Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Baada ya hapo ndipo wakaja kuujenga mji huu wa juu. Sisi tunaonunua nyanya na viazi pale kila siku tunakanyaga mji uliojengwa na washindi wa vita, na mtoto wa sekondari anapitishwa hapo bila kuambiwa hata neno moja! Hilo linaniuma kuliko barabara mbovu.

Kwa hiyo mjini ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko Kalenga, kama kilometa 15 kwa barabara hiyohiyo ya Ruaha. Mkwawa alipigana porini hadi Julai 1898, akajiua Mlambalasi asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wetu wa Bunge kwa miaka mingi. Sasa limo kwenye kisanduku cha kioo pale Kalenga. Simama mbele yake, mtazame mzee usoni, halafu uniambie tena hakuna kitu.

Haya, nakubali, majengo yetu hayana madoido ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Na tembo wa Ruaha siwachukii, waoneni.

Jioni pandeni jiwe la Gangilonga, mji wote unaonekana chini yenu. Wazee husema Mkwawa alikuwa akienda kutafakari pale. Na vikapu vya majani ya milulu nunueni kwa akina mama wanaovisuka, bila kuwabania bei: shika kimoja, pitisha kidole kwenye ukingo wake, uone ulivyokazwa.

Ninyi vijana mnaotembeza wageni, nawaomba kwa dhati: asubuhi moja iwe ya Boma, mchana Kalenga, ndipo mwende Ruaha. Walimu mnaoleta wanafunzi, dereva akisema muda hautoshi, punguzeni muda wa hotelini.