Gunia moja, mizani mbili: barafu ya Aktiki imepungua unene kiasi gani?

Kila msimu wa korosho ugomvi huu huzuka mahali fulani kati ya Mtwara na Lindi. Gunia limepimwa kwenye chama cha msingi, limepimwa tena ghalani, kilo zimepungua. Mkulima anasema kaibiwa. Karani anasema ni unyaufu, korosho zimekauka. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu hakuna aliyepandisha gunia lile lile kwenye mizani zote mbili kwa siku moja.

Ugomvi wa wanasayansi juu ya unene wa barafu inayoelea kwenye Bahari ya Aktiki unafanana sana na huo. Ukubwa wa eneo la barafu hiyo hauleti ubishi mkubwa, maana setilaiti zinalitazama tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kazi iko kwenye unene.

Waliotangulia kuupima kwa mapana ni wanamaji wa kijeshi. Tangu nyambizi ya Marekani, Nautilus, ipite chini ya Ncha ya Kaskazini mwaka 1958, nyambizi zilikuwa zikipiga mwangwi kwenda juu ili kujua barafu imezama kiasi gani. Ni bildi, ile timazi ya mabaharia ya kupimia kina, ila inatupwa kuelekea juu. Mwaka 1999 Drew Rothrock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walilinganisha safari za 1958 hadi 1976 na za miaka ya 1990. Sehemu iliyozama ilikuwa imepungua kutoka wastani wa mita 3.1 hadi 1.8.

Wenye mashaka walipata hoja hapo, tena hoja nzito. Njia za nyambizi ni siri za jeshi, na vipimo vilivyotolewa hadharani vilihusu sehemu ya katikati ya bahari tu. Greg Holloway wa Kanada akauliza: je, kama upepo uliisukuma barafu nene kuelekea upande wa Kanada, nje ya eneo lililopimwa? Mvuvi wa Msimbati angemwelewa mara moja. Ukirudi kwenye mwamba uliovua mwaka jana ukakuta hamna kitu, huwezi kuapa kwamba samaki wamekwisha, pengine wamehama. Mwaka 2002 Holloway na mwenzake walichapisha hesabu za modeli ya kompyuta zilizoonesha kuwa jambo hilo linawezekana.

Setilaiti zikaja kuziba pengo: ICESat kwa leza, 2003 hadi 2009, kisha CryoSat-2 kwa rada kuanzia 2010. Hizi haziingii chini ya barafu. Zinafanya anachofanya mzee aliyekaa ufukweni Mikindani akitazama jahazi linaingia: anaangalia ubavu uliobaki juu ya maji, anakisia shehena. Tatizo ni kwamba barafu huonesha takriban sehemu moja tu kati ya kumi. Ukikosea sentimita 2 juu, unene wote umeukosea kama sentimita 20, nawe unapima kutoka mamia ya kilomita angani.

Halafu kuna theluji. Inalala juu ya barafu na kuididimiza, huku ikiinua uso unaoonekana. Leza hugonga uso wa theluji. Rada hutarajiwa kuipenya mpaka kwenye barafu, ingawa theluji yenye unyevu au chumvi huizuia. Kwa miaka mingi kina cha theluji kilichukuliwa kwenye wastani wa vituo vya Kisovieti vilivyoelea na barafu kati ya 1954 na 1991. Vituo hivyo viliwekwa juu ya barafu kongwe, ambayo sasa imekuwa adimu. Kwa barafu changa ya mwaka mmoja, watafiti hukata tarakimu hizo nusu. Kwa kweli, hapa namwelewa kabisa mkulima wetu.

Hata hivyo sikubali kwamba mashaka hayo yanafuta kila kitu. Ron Kwok na Rothrock waliunganisha nyambizi na ICESat wakapata unene wa wastani wa majira ya baridi ukishuka kutoka mita 3.64 mwaka 1980 hadi 1.89 mwaka 2008. Kosa la sentimita 20, au hata 40, halimezi upungufu wa mita 1.75. Hoja ya upepo nayo imepungukiwa nguvu tangu setilaiti zianze kutazama karibu bahari nzima, maana barafu nene iliyodaiwa kujificha haikukutwa ya kutosha kurudisha wastani wa zamani. Mashaka yana haki yake kwingine: kwenye tofauti ya mwaka huu na uliopita, na zaidi Antaktika, ambako theluji ni nzito kiasi cha kuizamisha barafu mpaka maji ya bahari yakaingia juu yake.

Jambo jingine, kwa sababu nalisikia sana huku: barafu hii siyo inayoinua bahari inayogonga kuta za Kilwa Kisiwani. Jahazi lililokwisha kuelea limeshasukuma maji yake. Bahari huinuliwa na barafu ya nchi kavu, kama ya Greenland, na maji yenyewe kupanuka kwa joto.

Julai 2020 njia ya CryoSat-2 ilisogezwa makusudi ili mara kwa mara ipite juu ya barafu ile ile ndani ya saa chache na ICESat-2, ya leza, iliyorushwa 2018. Moja inasoma uso wa theluji, nyingine inatafuta uso wa barafu, na tofauti ya vipimo vyao inakadiria kina cha theluji yenyewe. Gunia moja, mizani mbili, siku moja. Kwenye maghala ya korosho sijaona bado.