Ardhi ibaki kwa chama, nyumba iwe ya mwenyewe

Shirika lolote lisilo la faida linalotaka kuwajengea nyumba wenye kipato kidogo lijiulize jambo moja kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji: mwenye nyumba akitaka kuuza, atauza nini? Mpe hatimiliki yake peke yake na atauza vyote, nyumba, ardhi na ruzuku iliyomo ndani yake. Wala hana kosa. Ana karo na wagonjwa wa kuuguza. Dandora, Nairobi, zilipimwa ploti zipatazo 6,000 miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wanyonge wajijengee. Leo nyingi zimebeba maghorofa ya vyumba vya kupangisha.

Wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, mjini Voi, walichagua njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ardhi iliwekwa mikononi mwa wadhamini, chama cha wakazi kikapewa usimamizi, na kila familia ikawa na nyumba yake juu ya ardhi inayoipanga. Anayehama huuza alichojenga tu, na chama ndicho chenye haki ya kwanza ya kununua. Sijaona mpango wa busara zaidi katika miji yetu.

Ugumu uko kwenye bei. Katiba za vyama hupenda kuandika "bei ya haki", na bei ya haki kila mtu ana yake. Andikeni hesabu yenyewe. Burlington, Marekani, shirika la ardhi ya jamii lililoanzishwa 1984 humrudishia anayehama alicholipa, thamani ya alichoongeza, na asilimia 25 ya kupanda kwa bei. Tuseme nyumba ilinunuliwa kwa shilingi 1,200,000, mwenyewe akaongeza chumba cha thamani ya 300,000, na leo sokoni ingeuzwa 4,000,000. Bei imepanda 2,500,000 ukiondoa chumba. Robo yake ni 625,000. Anaondoka na 2,125,000, na familia inayofuata inaingia kwa bei hiyohiyo.

Kanuni hii hufa siku chama kinapokosa pesa za kununua. Muuzaji akiambiwa asubiri miezi 6 atatafuta mtu wake, wataandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili, na rejista itabaki na jina la aliyehama. Yakijirudia hayo kwa miaka 10, hakuna anayejua mwanachama ni nani. Kwa hiyo wekeni akaunti ya kununulia isiyoguswa kwa jambo jingine, yenye walau bei ya nyumba mbili, na chama kipewe siku 60 tu za kuamua. Benki nazo husita kukopesha juu ya ardhi isiyouzika, basi mikopo ya ukarabati ipitie SACCO, wanachama wadhaminiane.

Wapwani hawafundishwi hili upya. Wakfu, yaani mali iliyotengwa daima kwa ajili ya dini au hisani, hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Lakini Mji Mkongwe wa Zanzibar umetuonyesha pia wakfu unavyoweza kuoza: kodi ziliachwa chini mno hata hazikutosha matengenezo. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta hadi kwenye ncha za boriti za mikoko, mahali ambapo jicho halifiki. Ncha zikilika, dari yote inalegea. Halafu fundi analetwa kwa haraka, anapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Unyevu unakosa pa kutokea, na ukuta unazidi kumomonyoka kwa ndani.

Wanaopanga kodi kwa huruma peke yake wanawaumiza wapangaji walewale wanaowahurumia. Kodi ianzie kwenye gharama ya paa, choo na pampu ya maji, igawanywe kwa miezi, na fungu hilo litengwe kila mwezi kabla ya mishahara ya ofisi. Asiyeiweza atafutiwe ruzuku kwa jina lake, kodi ya jengo zima isishushwe kwa ajili yake.